Sabini na Tano Hadi Tisini

Mwaka wa tisini na nane, mvua za El Niño zilipokwisha na kila kitu chenye waya kimeshaota kutu, Mwanasha binti Suleiman hakukosa kazi pale Ukunda. Redio, pasi, feni, hata spika za msikiti, vyote vililowa na vyote vikaletwa kwenye kibanda chake cha mabati kando ya njia ya Diani. Watu walikuja, wakatua mzigo mezani, wakauliza, "Mtoto wa Fundi yupo?" Na yeye amekaa pale pale mbele yao, bisibisi mkononi! Hebu niambie, mtu huyo alikuwa akimtafuta nani?

Fundi alikuwa babake, Mzee Suleiman, Mungu amrehemu, aliyetengeneza redio barabarani pale tangu zikiwa za valvu. Alifariki Mwanasha akiwa na miaka kumi na saba. Binti akakaa kwenye kiti cha baba, akashika koleo za baba, akajifunza mwenyewe yale ambayo mzee hakuyawahi, na miaka kumi na mmoja ikapita. Jina la ufundi lakini lilibaki kaburini na mzee. Kitsao, aliyefungua duka lake la amplifaya za bendi za hoteli juzi tu, ndevu hata hazijajaa, yeye aliitwa Fundi Kitsao na kila mtu. Jambo hilo lilimuuma Mwanasha. Hakulisema, lakini lilimuuma, na mie sioni ubaya kukuambia.

Basi Jumamosi moja asubuhi, mkokoteni ulisimama mbele ya kibanda. Juu yake kulikuwa na godoro, na ndani ya godoro kulikuwa na kompyuta. Nyuma ya mkokoteni alikuja Mwalimu Kilonzo, ameshikwa mkono na mkewe Mwongeli.

Mwalimu huyu, wazazi wake walitoka Ukambani wakapata shamba la makazi kule Kikoneni, naye akaja kufundisha hesabu shule ya msingi karibu na Bongwe akiwa kijana, asitoke tena. Mwaka wa nyuma yake, zilipozuka fujo na watu wengi wa bara wakafunga virago, aliulizwa kwa nini yeye hahami. Akasema darasa la saba hawajamaliza asilimia, sasa yeye ahame aende wapi? Ndivyo alivyokuwa. Hata Mwanasha alipita mikononi mwake, na asilimia hizo hizo zilimtesa. Mwalimu hakuwa na fimbo. Alikuuliza swali, ukasimama, na hukuketi mpaka ujibu, ndipo akasema, "Keti." Siku moja Mwanasha alisimama kipindi kizima, kengele ikalia, wenzake wakatoka, na neno hilo hakuambiwa. Miaka kumi na minne ilikuwa imepita, naye bado alilikumbuka.

"Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu," Mwalimu akajibu, akiangalia mahali ambapo Mwanasha hakuwapo. Presha ya macho ilikuwa imemla uoni wa pembeni kwanza, ikaja ikaingia katikati. "Nimekuletea mgonjwa."

Wakampa kiti. Mwongeli ndiye aliyeanza kueleza, maana Mwalimu alikuwa na haya. Mzee mmoja wa Kijerumani, aliyekuwa akija Diani kila Januari, alinunua kompyuta mpya na hii kuukuu akamwachia Mwalimu. Ndani yake mlikuwa na programu inayosoma kwa sauti kila kinachoandikwa. Mwalimu alijifunza taipu chuoni, vidole vyake havikuhitaji macho. Aandike, mashine isome, asikie alipokosea, arekebishe.

"Lakini haisomi," Mwongeli akasema. "Inagugumiza. Akiandika 'shule' inasema 'shu', inanyamaza. Akishaandika maneno mengine sita ndipo inakuja 'le'. Wakati mwingine inaruka neno zima."

"Na Alhamisi ofisa wa elimu anakuja," Mwalimu akaingilia. "Bwana Randu. Si mtu mbaya. Anataka kuona kama naweza kutunga maswali na kuyasahihisha mwenyewe, bila mke wangu kunisomea. Nikiweza, nitaendelea. Nikishindwa, nitapewa barua ya kwenda kupumzika." Akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha. "Nina miaka arobaini na tisa, Mwanasha. Mimi ni mtu wa kupumzika?"

Mwanasha akaitazama kompyuta. Alikuwa amepata kufungua kompyuta mbili tu maishani mwake, na zote mbili zilikuwa zimekufa kabla hajazigusa. Lakini ungemwambiaje mtu huyu kwamba huwezi? Akasema, "Iache hapa, Mwalimu. Inshallah."

Wakaondoka. Akafungua skrubu, akavua bati la ubavuni, akachungulia.

Yeye alizoea redio, mahali ambapo kila kitu kina sura yake. Huyu kapasita, huyu transista, huyu koili. Humu ndani, juu ya ubao mmoja, mlikuwa na mji. Barabara nyembamba za shaba zilipita bila kugongana, mamia kwa mamia, na katikati kulikuwa na kitu kimoja cha mraba, kimefunikwa kipande cha bati la kupoza lenye meno kama chanuo, na kifeni kidogo juu yake. Hiyo ndiyo prosesa, ubongo wenyewe. Ndani ya mfuko wa plastiki uliobandikwa chini ya sanduku, Mjerumani, mtu wa taratibu zake, alikuwa ameweka kitabu cha ubao huo. Kilikuwa cha Kiingereza. Mwanasha alikisoma na kamusi pembeni, kidole chini ya kila neno, tangu adhuhuri mpaka alasiri.

Alichokisoma kilimfanya aweke kitabu chini na kujishika kifua. Prosesa ile ilikuwa ya sabini na tano. Yaani mapigo milioni sabini na tano kwa sekunde moja! Moyo wake yeye, akiuhesabu, unapiga mara sabini na kitu kwa dakika nzima. Kilichofunikwa na chanuo lile kilipiga milioni sabini na tano kabla yeye hajapepesa jicho, na kikaonekana kimya, kimetulia, hakitikisiki hata unyoya. "Subhanallah," akasema peke yake. Mteja aliyekuja kuchukua pasi akadhani kumetokea msiba.

Ukurasa uliofuata ulikuwa na jedwali. Sabini na tano, tisini, mia. Ubao ule ule, mahali pale pale pa prosesa. Kilichotofautisha safu na safu ni vifuniko vidogo vya plastiki, mafundi huviita jampa, vilivyovikwa kwenye vijiti vya shaba. Ukivihamisha, ubao unapiga ngoma haraka zaidi na prosesa inalazimika kucheza kwa mwendo huo. Kumbe kasi yote ile imeshikwa na vifuniko viwili vidogo kuliko punje ya mtama! Na kitabu kilionya: mwendo ukizidi, joto nalo huzidi, na prosesa ikipata joto kupita kiasi huganda, au hufa kabisa. Umeme wenyewe usiuongeze. Panda ngazi moja, ujaribu, ndipo ufikirie ya pili. Memori nazo, vile vipande virefu vilivyosimama kando, zina mwendo wao. Ukiwahimiza wasioweza, watakosea.

Hayo yote Mwanasha aliyasoma. Na hapo ndipo binadamu hunishangaza mie, maana kusoma ni jambo moja na kusikia ni jingine.

Jumapili asubuhi alichomoa waya wa umeme, akagusa chuma cha sanduku kuondoa umeme wa mwilini, akachora kwenye daftari jinsi jampa zilivyokaa ili njia ya kurudi isipotee. Mpaka hapo alikuwa fundi hasa. Kisha akatazama safu ya tisini, akatazama safu ya mia, akasema moyoni, kama mia ipo, tisini ya nini? Alhamisi haiko mbali, na Mwalimu anahitaji mashine inayosema kama mtu. Akahamisha jampa mpaka mia. Tamaa mbele, mauti nyuma, walisema wazee, na hawakuwa wakiongea na ukuta.

Alipoinua bati la kupoza alikuta dawa nyeupe iliyopakwa kati yake na prosesa imekauka, imekuwa unga. Dawa hiyo kazi yake ni moja: kuziba vijinafasi visivyoonekana ili joto lipite kutoka kwenye prosesa hadi kwenye chanuo. Akaipangusa yote. Akatafuta tyubu yake, ile aliyokuwa akipakia transista za amplifaya. Tupu. Akaikamua kwa koleo, ikatoa pumzi. Maduka ya Mombasa Jumapili yamefungwa. Kitsao alikuwa nayo, tyubu nzima, lakini Mwanasha aende kwa Kitsao kuomba? Afadhali aombe mvua.

Akarudi nyumbani kula. Mamake, Bi Hasina, alikuwa amekaa ukumbini, uso wote umepakwa liwa.

"Mama, jua lote hili umepaka liwa?"

"Ndiyo maana nimepaka. Liwa hupoza, mwanangu. Hata mwenye homa ukimpaka, moto hushuka."

Mwanasha akaacha kutafuna.

Unaona linakokwenda? Alichukua jiwe la mamake na kipande cha mti wa liwa, akasaga na marashi mawaridi, akasaga mpaka ikawa laini kama krimu, bila chembe. Akairudisha kibandani kwenye kikombe cha kahawa. Akapaka juu ya prosesa, wembamba, kwa ncha ya wembe, vizuri kuliko alivyowahi kumpaka bibi harusi. Akalaza chanuo, akabana, akawasha.

Na mashine ikawaka! Kwenye kioo ikaandika namba mia. Akaandika, 'Jina langu ni Mwanasha.' Sauti ikatoka kwenye spika, sauti ya kiume, ya Kizungu, yenye lafudhi ya mtalii aliyeshuka ndege jana: "Jiina laangu ni Mwanaasha." Neno kwa neno, bila kugugumiza, vidole vyake havijaondoka hata kwenye herufi ya mwisho. Nywele zilimsimama mikononi. Akaandika dua ya chakula, ikasoma. Akaandika jina la babake, ikasoma. Akagusa chanuo kwa kidole gumba: baridi kabisa. Na kutoka kwenye feni ikatoka harufu ya liwa na mawaridi, kibanda kizima kikanukia arusi.

Jumatatu asubuhi Mwalimu akaletwa. Akanusa. "Mwanasha, umeiozesha mashine au umeitengeneza?"

"Andika tu, Mwalimu."

Akaandika. Sauti ikamsomea. Mwalimu akaondoa mikono kwenye herufi, akaiweka mapajani, akainamisha kichwa. Mwongeli akageukia barabarani na kujifuta macho kwa ncha ya leso. Kisha Mwalimu akarudi kwenye kazi na vidole vikashika moto: swali la kwanza, la pili, la kumi. Akikosea herufi alicheka kwa sauti, akarudi nyuma, akaifuta. Aliketi pale tangu saa tatu mpaka saa saba, bila kuomba hata maji.

Sasa saa saba ya Ukunda unaijua. Bati la kibanda linatoa mlio peke yake, na mbwa anahama upande wa barabara. Mwalimu alikuwa kwenye swali la ishirini na tatu, mashine ikisoma, "Kama mkulima wa Mkongani ana mi..."

"Mi-mi-mi-mi," ikasema. Kisha ikanyamaza. Kioo kikaganda. Mwanasha akabonyeza hiki na kile, wapi. Akagusa chanuo kwa kidole gumba na akakitia mdomoni upesi.

"Imefanya nini?" Mwalimu akauliza. "Mwanasha? Imefanya nini?"

Akazima. Akawasha. Feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi.

"Imechoka, Mwalimu," akasema, na sauti yake mwenyewe ndiyo iliyogugumiza. "Nendeni mkale. Nitaiangalia."

Mwalimu hakuwa mjinga. Alisimama polepole, akapapasa mpaka akapata ukingo wa meza. "Maswali yale nitayaandika tena," akasema. "Si neno." Ndiyo kwanza ikauma zaidi.

Walipoondoka, Mwanasha aliinua chanuo. Liwa ilikuwa imekauka. Ilikuwa imepasukapasuka, vipande vimebanduka, na katikati ya nyufa kulikuwa na upepo mtupu. Akaketi chini sakafuni. Jamani! Ni mwanamke gani wa pwani hii asiyejua kwamba liwa ikikauka usoni hukakamaa, ukicheka hupasuka? Tangu utotoni mamake humwambia, "Usinichekeshe, nimepaka." Liwa hupoza ikiwa mbichi. Ikishakauka ni unga wa mti, na mti haupitishi joto; ndiyo maana mwiko hauchomi mkono. Alijua yote mawili, na hakuyakutanisha. Akalia, kilio cha hasira, dakika chache tu. Alikuwa ameua macho ya mtu.

Alipomaliza alijikaza, akajitanda leso, akaenda kwa Kitsao.

Kitsao alikuwa amezungukwa na spika kubwa za hoteli. Alimsikiliza mpaka mwisho, na uso wake ulikuwa ukipigana na kicheko tangu neno la kwanza. Kicheko kikashinda.

"Liwa! Mtoto wa Fundi, umeipaka kompyuta liwa? Na wanja je, hukuitia?"

"Cheka, Kitsao. Cheka umalize. Kisha unipe dawa ya transista, kwa ajili ya Mwalimu Kilonzo. Si kwa ajili yangu."

Kicheko kikakatika. Kitsao naye alisimamishwa na mwalimu yule yule, kumbe. Akafungua droo, akatoa tyubu, akampa yote. "Paka kama punje ya mchele, hapo katikati, chanuo litaitandaza lenyewe," akasema. "Prosesa yenyewe imepona?"

"Sijui."

"Basi irudishe sabini na tano kwanza. Iulize kama ingali hai."

Na hilo ndilo alilolifanya. Jumanne asubuhi alisafisha liwa yote kwa pamba na spiriti, mpaka uso wa prosesa ukang'aa. Akapaka dawa nyeupe, punje ya mchele. Akafungua daftari, akarudisha jampa mahali pake pa zamani kama alivyochora. Akaweka kidole kwenye swichi. Bismillahi.

Feni ikazunguka. Kioo kikabaki cheusi, kikabaki, kikabaki, na kisha kikaandika: 75.

Mie nakwambia, Mwanasha hakupiga kelele. Aliweka viganja viwili juu ya bati la sanduku, akatazama namba ile. Kitu kidogo kile, kimeunguzwa mpaka kikaganda, kimeachwa kipoe, na sasa kinapiga tena mara zake milioni, hakina kinyongo. Alijua kilivyotengenezwa, alikuwa amesoma, na bado alihisi kama mtu aliyeona maiti akipiga chafya. Aliogopa na kushukuru kwa pamoja.

Tangu hapo alikwenda kwa adabu. Alipanda ngazi moja tu, tisini. Akaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, ule unaotokea mashine inapoamka, akatafuta mahali pa memori. Vipande vile vilikuwa vya kale, na alishuku kwamba hata bila liwa visingeiweza ile mia. Akavipunguzia haraka, akavipa nafasi ya kupumua kati ya kuulizwa na kujibu. Kisha akaipa mashine kazi ya kinyama: kunakili mafaili makubwa huku na huku na kuyalinganisha kama yamefanana, huku programu ikisoma kwa sauti kitabu kizima cha ubao, bila kituo. Akaifanyia hivyo saa saba mchana, jua likiwa kichwani, Jumanne na Jumatano. Kila robo saa kidole gumba kwenye chanuo. Joto, ndiyo, joto la kikombe cha chai unachoweza kukishika. Haikuganda. Haikukosea faili hata moja. Watu walisimama njiani kumsikiliza Mzungu wa ndani ya sanduku akisoma habari za jampa kwa saa tatu.

Alhamisi mkokoteni ukarudi na godoro lake, na Kitsao, bila kuombwa, akaja kuusukuma.

Ofisi ya shule ilikuwa na meza moja iliyokuwa karibu na umeme. Bwana Randu alikuwa ameshafika, mtu mnene mwenye faili la kijani, mpole. Akamwamkia kila mtu, akakaa. Mwanasha akaunganisha waya, akawasha, akarudi kusimama mlangoni na bisibisi mkononi. Nje lilikuwa jua lile lile, na ofisi haikuwa na feni isipokuwa ile ya kwenye prosesa.

"Haya, Mwalimu," Bwana Randu akasema. "Tunga swali moja la darasa la saba. Lolote. Mama asikusaidie."

Mwongeli akafunga mikono kifuani na kukaza midomo. Mwalimu akapapasa herufi, akapata mahali pa vidole, akafikiri. Kisha akaandika bila kusimama. Alipomaliza akabonyeza, na sauti ya mtalii ikajaza ofisi:

"Fundi Mwanaasha wa Ukunda alikuta mashine ina mwendo wa *fifty-seven*..."

Mwanasha hakusikia namba. Alikuwa amebaki kwenye neno la kwanza. Miaka kumi na mmoja katika kiti kile, na mtu wa kwanza kumwita Fundi mbele za watu alikuwa Mzungu wa spika asiyejua Kiswahili.

"Hapana," Mwalimu akasema. "Hapana, hapana. Nimegeuza tarakimu." Vidole vikarudi nyuma, tiki, tiki, tiki, vikasimama mahali panapotakiwa, vikafuta, vikaandika. Akabonyeza tena.

"Fundi Mwanaasha wa Ukunda alikuta mashine ina mwendo wa *seventy-five*. Akaongeza mwendo huo mpaka *ninety*. Je, aliongeza kwa asilimia ngapi?"

Bwana Randu alikuwa ameinuka bila kujijua. Alisogea nyuma ya Mwalimu, akainama, akakitazama kioo, akamtazama Mwalimu, ambaye macho yake yalikuwa ukutani kwenye ramani. Alisoma kwenye kioo herufi kwa herufi. Hapakuwa na kosa. "Lahaula," akasema polepole. "Amelisikia kosa. Mie mwenye macho, sikujua kama lipo."

Akarudi kwenye faili lake, akaandika mstari, akausoma kwa sauti ili asiyeona ausikie: Mwalimu Kilonzo anatunga na kusahihisha maswali mwenyewe. Aendelee na kazi.

Mwongeli akasema neno la Kikamba ambalo hakuna aliyelielewa isipokuwa mumewe, wala hakuna aliyehitaji tafsiri. Kitsao akapiga kofi moja, akaona haya, akaficha mikono. Mwalimu alibaki ameketi wima, viganja juu ya herufi.

"Lakini swali halijajibiwa," akasema mwishowe. Sauti ilikuwa ile ile ya miaka kumi na minne iliyopita. "Nani atajibu?"

Bwana Randu akalitazama faili lake kwa makini sana. Kitsao akaangalia viatu. Mwanasha, aliyekuwa bado amesimama, akahamishia bisibisi mkono wa pili.

"Asilimia ishirini, Mwalimu," akasema kutoka mlangoni.

"Umepataje?"

"Kumi na tano juu ya sabini na tano, mara mia."

Mwalimu aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka, na safari hii akampata Mwanasha mahali alipo hasa.

"Vizuri," akasema. "Keti, Fundi."